MASHAHIDI WATANO, KARATASI MOJA

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili dogo niseme neno ambalo limenikaa kooni muda mrefu. Si neno la kumsifu mtu. Wengine watakasirika, nao wakikasirika ni vyema, maana mtu mwenye hasira husoma mpaka mwisho.

Nasikia tawi letu linataka kuchagua wanachama wawili wafundishwe kazi ya usaidizi wa sheria, ili mwenzetu akifukuzwa au akiumia, wao ndio wawe wa kwanza kukusanya habari na kuongea na mashahidi. Jambo hili ni jema, nami naliunga mkono. Lakini nasikia pia maneno ya viongozi wengine kwamba kazi yenyewe ni ndogo, kwamba shahidi “hufundishwa la kusema” halafu mambo yakawa tayari. Hapo ndipo nasimama na kusema hapana. Mawazo hayo yamekwisha kumwangusha mtu ninayemjua, na mimi mwenyewe nilisaidia kumwangusha.

Sikilizeni habari yake.

Kabla sijaingia kazi niliyo nayo sasa nilikuwa kibarua wa kampuni moja ya kandarasi. Ndugu mmoja tuliyekuwa naye, baba wa watoto wanne, alifukuzwa kazi. Aliambiwa ameiba dizeli bohari usiku. Hakuitwa kujieleza, hakuruhusiwa kuja na mwenzake wala mjumbe wa chama, alipewa barua tu na kuonyeshwa lango. Akaenda mahakamani kudai kwamba amefukuzwa bila haki. Sisi watano tukajitolea kuwa mashahidi wake.

Jumapili moja alasiri akaja hapa Embulbul kijana aliyejiita msaidizi wa sheria. Tukakaa hotelini, sisi watano pamoja na mwenye kesi, meza moja, birika moja la chai. Kijana akauliza, “Hakuiba, sivyo?” Tukaitikia, “Hakuiba.” Akauliza tena, “Na msimamizi alikuwa akimchukia, sivyo?” Tukaitikia kama watoto wa darasa la kwanza, “Alimchukia sana.” Akaandika karatasi moja kwa Kiingereza, akatoa nakala tano, akabadilisha jina la juu tu. Tukatia sahihi. Mmoja wetu asiyejua kusoma alitia dole gumba. Saa moja haikutimia, tukainuka tukifurahi kwamba tumemfaa mwenzetu.

Siku ya kesi ilipofika, wakili wa kampuni hakupiga kelele hata kidogo. Alimwuliza shahidi wa kwanza alikuwa wapi saa nne usiku. Akajibu, “Karibu na lango.” Karatasi yake ilisema alikuwa kando ya tangi. Wa pili akaonyeshwa daftari la zamu: siku hiyo alikuwa likizo, kwao Kitui. Wa tatu, yule wa dole gumba, akapewa karatasi yake na kuambiwa asome mstari wa tatu. Akainamisha kichwa. Akaulizwa ni nani aliyemsomea kabla hajatia dole. Akasema hakuna. Wa nne akaulizwa, “Uliona kwa macho yako, au ulisikia?” Akasema, “Nilisikia.” Wakili akasema asante, akaketi. Wa tano alipoona hayo alisema tumbo linamwuma, akaenda zake.

Yule wa nne ni mimi. Usiku ule wa dizeli nilikuwa nimelala kambini.

Ndugu yetu alishindwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe sababu ya kumfukuza mtu, na inataka mtu aelezwe kosa lake na asikilizwe, akiwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama, kabla ya kufukuzwa kwa kosa kama lile. Kwa hiyo mzigo ulikuwa mabegani mwa kampuni. Lakini hakimu alipotazama huku na huku aliona upande mmoja una daftari, na upande wa pili una watu watano wenye maneno ya kuazima. Baada ya hapo hata lile neno la kweli, kwamba mtu hakusikilizwa, lilionekana kama uongo mwingine. Leo yule bwana anasukuma mkokoteni wa maji, na watoto wawili walikatizwa shule.

Uchungu zaidi ni huu. Baada ya kesi, mama mmoja aliyekuwa akiwauzia chai watu wa zamu ya usiku pale langoni aliniambia, “Mwanangu, usiku ule mimi niliona gari likitoka na mapipa, na mwenzenu hakuwamo. Hakuna aliyeniuliza.” Hakuna aliyemwuliza kwa sababu hakuwa mwanachama, hakuwa fundi, alikuwa mama wa chai tu. Tena pale langoni palikuwa na daftari la askari la kuandikia kila gari linaloingia na kutoka. Hatukuomba litolewe. Hatukukumbuka hata kwamba lipo.

Sasa mtu atasema, “Ah, huyo kijana alikuwa mjinga tu.” Sikubali. Kijana alifanya kile sisi sote tulichotaka afanye. Tulitaka umoja, tukadhani umoja ni watu watano kusema sentensi moja.

Mliosoma shule za misheni mnaikumbuka habari ya Suzana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili walimshitaki kwa uongo, na maneno yao yalilingana kabisa, watu wakaamini. Danieli akasema watenganishwe. Akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti mwingine, na Suzana akaokoka. Ndugu, kila wakili wa tajiri ni Danieli. Atawatenganisha tu. Kama hamkutenganishwa na msaidizi wenu mwenyewe kwanza, mtatenganishwa na yeye mbele ya hakimu, na hapo hakuna chai.

Nchi yetu imekwisha kuona shahidi wa kufundishwa ni kitu gani. Katika kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, Rawson Macharia alitoa ushahidi mzito juu ya Jomo Kenyatta. Mwaka 1958 akala kiapo kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa malipo na masomo Uingereza. Serikali ya wakoloni ikamshitaki kwa kiapo hicho cha pili, na 1959 akafungwa. Ile ilikuwa kesi ya jinai, zetu ni za madai, lakini somo ni lile lile. Tulipofanyiwa hivyo na wakoloni tuliita dhuluma. Tukifanya sisi tuiteje? Msaada?

Tena tazameni kesi za wazee wetu huko London. Mwaka 2009 wazee wachache waliipeleka serikali ya Uingereza mahakamani kwa mateso waliyoyapata wakati wa Hali ya Hatari. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo si ya serikali, ilikuwa imefanya kazi ya kuwatafuta wazee na kuandika habari zao. Halafu mwaka 2011 ikajulikana kwamba serikali ile ilikuwa imeficha majalada ya ukoloni mahali panapoitwa Hanslope Park. Maneno ya wazee yakakutana na karatasi za wakubwa wenyewe. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, na watu 5,228 wakafikiwa na malipo hayo. Kisha ikaja kesi ya pili, yenye wadai zaidi ya 40,000. Hiyo ilitupwa mwaka 2018. Jaji aliona kwamba muda umepita mno: mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimefifia, karatasi hazipo, haiwezekani tena kupima kwa haki. Wadai 40,000 si kitu kidogo, lakini wingi wa watu haukuiponya kesi. Aliyesubiri miaka hamsini alishindwa na miaka hamsini.

Basi nauliza: sisi tunasubiri nini? Mtu anaumia Jumatatu, tunaanza kutafuta mashahidi miezi minane baadaye, gengi limekwisha kutawanyika, huyu yuko Voi, yule yuko Malaba, mwingine ameacha kazi na kubadili namba ya simu.

Sasa nitasema ninavyoona kazi hii inavyopasa kufanywa. Nimeuliza wanaojua, na nimejifunza kwa aibu yangu mwenyewe.

Kwanza, tumjue msaidizi wa sheria ni nani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inamtambua, lakini lazima aidhinishwe, na afanye kazi chini ya uangalizi wa wakili au shirika lililokubaliwa. Hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Mtu anayezunguka hospitali akitafuta majeruhi na kudai asilimia, huyo ni dalali, na tumfukuze kama tunavyofukuza nyoka katika mataruma. Yapo mashirika ya kweli ya kutufundisha. Kituo cha Sheria kimekuwako tangu 1973, nacho kimefundisha wasaidizi wengi wa mitaani.

Pili, kabla ya kumwita shahidi hata mmoja, msaidizi ajiulize: katika kesi hii ni kitu gani kinachotakiwa kuthibitishwa? Hapa tunapoteza wino mwingi sana. Mtu akiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 haikuulizi kama tajiri alikuwa mkali au mpole. Inataka kujua: je, ulikuwa mwajiriwa wake? Je, ajali ilitokea katika kazi yake? Je, umeumia kiasi gani? Lakini sisi tunaandika kurasa tatu juu ya matusi ya nyapara, na siku ya ajali tunaisahau. Tena madai hayo hayaanzi mahakamani, yanaanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mahakama ya Juu ilikata shauri hilo tarehe 3 Desemba 2019. Lakini katika kesi ya kufukuzwa maswali ni mengine: alifukuzwa lini, kwa maneno gani, nani alikuwapo, aliitwa kujieleza au hakuitwa? Kila mlango una ufunguo wake.

Tatu, shahidi aulizwe peke yake. Si hotelini, wala si ndani ya matatu ya 111 watu wote wakisikia. Mwenye kesi asikae karibu akimkodolea macho.

Nne, shahidi aachwe aseme habari yake toka mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Msaidizi afunge mdomo. Akimaliza ndipo aulizwe: nani, nini, wapi, lini, ulisimama umbali gani, taa ilikuwapo, na umejuaje? Swali linalobeba jibu lake mgongoni, kama lile la “Hakuiba, sivyo?”, litupwe nje. Jibu lake si la shahidi, ni la mwulizaji.

Tano, aliyoyaona yaandikwe mbali na aliyoyasikia. Habari ya kusikia haitupwi, kwa maana inatuonyesha nani aliyeona. Kama mimi ningeulizwa, “Umesikia kwa nani?” ningemtaja mtu, na mtu yule angemtaja mama wa chai.

Sita, aulizwe pia yale yanayotuumiza. Je, umewahi kugombana na msimamizi? Je, una deni kwa mwenye kesi? Je, siku hiyo ulikuwa kazini kweli? Afadhali tulie ofisini kwetu kuliko kulia kortini. Na shahidi ambaye habari yake ni kinyume chetu, tumsikilize vile vile. Pengine atatuambia kesi yenyewe haifai kupelekwa, na hilo nalo ni msaada.

Saba, maneno yaandikwe kwa lugha aliyosemea. Akisema Kiswahili, kiandikwe Kiswahili. Akisema Kimaasai, atafutwe mtu anayekijua vizuri. Ikiwa lazima karatasi ya Kiingereza, isomwe kwake kwa lugha yake, polepole, naye arekebishe, na aliyemsomea na kumtafsiria atie jina na sahihi kwamba amefanya hivyo. Tusimwibie mtu dole gumba lake. Siku hizi katika kesi ya madai maelezo ya mashahidi yenye sahihi huwekwa mahakamani mwanzoni kabisa pamoja na madai yenyewe. Kosa la siku ile ya kwanza litakufuata mpaka siku ya hukumu.

Nane, msaidizi aende mahali penyewe kwa miguu yake. Apime hatua kutoka lango hadi tangi. Aende saa ile ile ya usiku aone kama mtu anaweza kutambua uso. Apige picha, na simu iliyopiga picha itunzwe, maana picha ya simu ikipelekwa mahakamani inatakiwa cheti cha kueleza imetoka katika chombo gani na kwa njia gani.

Tisa, karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni mali. Daftari la zamu, daftari la lango, kitabu cha ajali, karatasi ya hospitali ya siku ile ile, hati ya mshahara, malipo ya M-Pesa, michango ya NSSF, ujumbe wa simu wa msimamizi. Mwajiri anatakiwa na sheria kuweka kumbukumbu za waajiriwa wake, na kama hakuandika mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye. Hati zilizo mkononi mwake, wakili anaweza kumtaka kwa maandishi azitoe. Na kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari anazozihitaji kulinda haki yake. Bwana Makhan Singh, aliyezuiliwa tangu 1950 hadi 1961, aliweza kuchapisha historia ya vyama vyetu mwaka 1969 kwa sababu alitunza karatasi. Sisi karatasi tunafungia maandazi.

Kumi, kalenda. Ajali iarifiwe mara moja. Mwajiri ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi, tusimwachie alale. Madai ya fidia yapelekwe kabla miezi 12 haijapita. Ukitoridhika na uamuzi wa Mkurugenzi una siku 60 za kupinga. Kesi ya kufukuzwa ina miaka 3. Miaka hiyo inaonekana mingi, lakini kumbukumbu ya shahidi haingoji miaka 3.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema, “Tajiri naye hufundisha mashahidi wake.” Huenda. Lakini tajiri ana daftari, ana wakili, ana fedha za kukata rufaa. Sisi tuna kitu kimoja tu kortini, nacho ni kuaminiwa. Katika kesi ya madai hakimu hatafuti uhakika kama wa kunyonga mtu. Anapima ni upande gani una uwezekano zaidi wa kuwa kweli. Mizani ile huinamishwa na punje ndogo. Ukitia punje moja ya uongo unamwaga kibaba kizima.

Wa pili atasema kwamba mwanachama asiyesema kama wenzake ni msaliti. Mimi nasema msaliti ni yule aliyeona akakaa kimya kwa kuogopa zamu yake, na yule ambaye hakuona akajifanya ameona. Nimekuwa huyu wa pili, kwa hiyo ninamjua.

Wa tatu atasema kazi hii yote ni ya wakili. Wakili humwona shahidi kwa dakika chache kwenye ukumbi wa mahakama. Hajui taruma ni nini, hajui toroli husimamaje, hajui kwamba zamu ya usiku hubadilishana saa nne na watu huchelewa. Sisi ndio tunaojua. Tukimpelekea habari safi atafanya kazi safi, na tukimpelekea takataka atapepeta takataka.

Wa nne atasema hakuna fedha. Daftari moja na kalamu ni bei gani? Nauli ya shahidi na chakula chake cha siku ya kesi tawi liweze kulipa, na iandikwe kwenye kitabu ili mtu asije kusema tumenunua maneno. Nauli ni halali. Kulipia maneno ni kosa la jinai, na ni haramu pia.

Kwa hiyo katika mkutano wetu ujao nitasimama na kuomba mambo matatu. Wale wawili watakaochaguliwa wapelekwe kwanza kufundishwa na kuidhinishwa. Tawi liwe na daftari moja la ajali na mashauri, linaloandikwa siku ile ile jambo linapotokea. Na iwe amri ya tawi kwamba hakuna mwanachama atakayetia sahihi wala dole kwenye maelezo ambayo hakuyasema mwenyewe na hakusomewa.

Hapa kwetu Ngong treni hupita gizani ndani ya handaki la kilometa 4.5, tangu njia ile ilipofunguliwa Oktoba 2019. Kila mtu wa njia anajua kwamba bolti moja iliyolegea humo ndani haionekani mpaka siku ya msiba. Ndiyo maana tunaikagua kwa mkono, moja moja, hata kama mwenzako amesema ameikaza. Maneno ya shahidi yakaguliwe hivyo hivyo.

Yule ndugu wa mkokoteni hupita mbele ya nyumba yangu karibu kila asubuhi. Hunisalimu vizuri, hana kinyongo. Mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama usoni. Sitaki mwanachama mwingine yeyote awe na jirani wa namna hiyo.

Ni mimi mwenzenu katika chama,
Mfanya kazi wa njia,
Embulbul.